Kamera ya Mtego: Namna ya Kuipanga Kabla ya Kuifunga Mtini

Katika makala haya nakusudia kukueleza jinsi ya kupanga kamera ya mtego, yaani ile kamera ndogo inayofungwa mtini na kuachwa peke yake ipige picha za wanyama bila mtu kuwapo. Chama cha Wanyamapori cha shule yetu kilipata moja muhula wa pili. Kijitabu chake kimeandikwa kwa Kiingereza na Kichina, na maandishi yake ni madogo kama sisimizi. Mlezi wa Chama cha Kiswahili akaniomba niandike somo hili kwa lugha yetu ili hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweze kuishika kamera hiyo na kuitumia. Nimekubali kwa furaha, ijapokuwa maneno mengine yalinitoa jasho.

Usidhani kwamba jambo lenyewe ni geni. Mmarekani George Shiras alikuwa akitega kamera kwa uzi tangu miaka ya 1890, na mwaka wa 1906 picha zake 74 zikachapishwa katika jarida la National Geographic. Hapa kwetu Afrika Mashariki, Mjerumani Carl Georg Schillings alipiga picha za wanyama usiku katika nyika za karibu na Kilimanjaro, akatoa kitabu chake mwaka wa 1905. Wakati huo mwanga ulitoka kwa unga uliolipuka, na kamera zilibebwa na wapagazi. Siku hizi kifaa kizima kinatosha kiganjani, na kazi iliyobaki ni kuchagua. Lakini uchaguzi huo ndio unaowashinda wengi. Ukifungua menyu utakuta maswali kumi au kumi na mawili, na kila swali lina majibu matatu au manne. Wengi huyaacha yote vile yalivyotoka kiwandani, kisha hulalamika kwamba kamera ni mbovu.

Sisi tuliafikiana kwamba kabla ya kugusa kitufe chochote, mtu aandike swali lake daftarini. Unataka kujua nini? Kama swali ni "ni wanyama gani wanaopita hapa?", mpangilio ni mmoja. Kama ni "nani anaingia bomani usiku?", mpangilio ni mwingine kabisa. Nitakuonyesha tofauti hiyo kwa mifano miwili, mmoja wa upande wa Makueni na mwingine wa upande wa Kitui, lakini kwanza tuelewe kamera inavyofanya kazi.

Kamera hii haimwoni mnyama kama mimi na wewe tunavyomwona. Ina kihisi kinachopokea joto. Kitu chenye joto tofauti na vitu vilivyo nyuma yake kikisogea mbele ya kihisi, kamera huamka na kupiga picha. Kwa hiyo yahitajika mambo mawili kwa pamoja: tofauti ya joto na mwendo. Mbuzi aliyelala kimya hapigwi picha. Jiwe lililochomwa na jua halipigwi pia kwa sababu halisogei. Na mnyama anayekatiza mbele ya kamera kutoka kushoto kwenda kulia hushikwa upesi kuliko yule anayekuja moja kwa moja. Ndiyo maana tunaifunga kamera ikiwa imeelekezwa upande kidogo, si sambamba na njia wala si kwa kuikata njia kabisa. Mnyama anayeikata njia ya kihisi haraka sana huacha mkia tu kwenye picha.

Sasa angalia hali ya kwetu Ukambani. Wakati wa kiangazi, mnamo Septemba na mwanzo wa Oktoba, saa saba mchana ardhi inachoma hata kupitia viatu. Ngozi ya digidigi na ardhi iliyo nyuma yake hukaribiana joto, na kihisi huwa kama kipofu. Tulijaribu jambo hili uwanjani. Mwenzetu alitembea umbali wa mita nane mbele ya kamera saa saba mchana, kamera ikanyamaza. Alipotembea pale pale saa kumi na mbili asubuhi, ikampiga picha kila mara. Kamera ilikuwa ile ile na mpangilio ule ule. Basi, ukitaka wanyama wa mchana wakati wa joto, panga wepesi wa kihisi uwe wa juu na usogeze kamera karibu, mita tatu au nne. Usiku wa Julai wenye baridi hauhitaji hivyo. Wepesi wa wastani unatosha.

Kwa nini basi tusiweke wepesi wa juu daima? Kwa sababu ya nyasi. Mvua za Novemba zikinyesha, nyasi hukua hadi magotini kwa wiki chache tu, na majani yaliyopata jua yakipepea mbele ya kihisi, kamera hudhani ni mnyama. Haya hayatupati sisi tu. Nchini Tanzania, kuanzia mwaka wa 2010, watafiti walitandaza kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125 ndani ya Serengeti. Kufikia mwaka wa 2013 walikuwa na mafungu ya picha milioni 1.2, na yaliyokuwa na wanyama yalikuwa kama 322,000 tu. Mengi ya yale yaliyobaki, karibu robo tatu ya yote, yalikuwa nyasi na vivuli. Maelfu ya watu wa kujitolea walisaidia kuzichambua kwa intaneti. Sisi hatuna maelfu ya watu, tuna tarakilishi moja ya maabara kila Ijumaa jioni. Kwa hiyo beba panga, ukafyeke nyasi na vitawi vilivyo mbele ya kamera, kisha upange wepesi. Panga la kufyekea linasaidia kuliko menyu.

Tena kuna jua lenyewe. Vitabu vingi vya ng'ambo husema kamera ielekee kaskazini. Hayo ni maneno ya watu wa Ulaya na Marekani, ambao jua lao huwa upande wa kusini. Sisi Kitui tuko nyuzi moja na kidogo tu kusini mwa ikweta. Jua letu huchomoza karibu na mashariki kamili na kutua karibu na magharibi kamili mwaka mzima, na likiwa chini ndipo huingia machoni mwa kamera. Kwa hiyo kwetu kaskazini au kusini yote sawa, mradi isitazame mashariki wala magharibi. Jioni ndiyo saa ambayo wanyama hutoka, na itakuwa hasara ukipata picha nyeupe tupu.

Kimo nacho kisipuuzwe. Watu wazima hupenda kuifunga kamera kifuani kwa sababu ndipo mikono inapofika. Digidigi atapita chini yake. Wale wa Serengeti walifunga zao kwa kimo cha sentimita 50 hivi, ndani ya visanduku vya chuma. Sisi tunapima kwa goti. Kisha tunaweka kamera kwenye hali ya majaribio, ambapo taa ndogo nyekundu huwaka kila kihisi kinapoona kitu, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza anatambaa kwa mikono na magoti mahali tunapotarajia mnyama. Wenzake humcheka, lakini taa isipowaka kwake haitawaka kwa nungunungu pia.

Niingie sasa katika mfano wa Makueni. Julai shangazi yangu anayeishi karibu na Kibwezi alipoteza vitoto vitatu vya mbuzi katika muda wa wiki mbili. Majirani wote walikuwa na neno moja: mbiti, yaani fisi. Jirani mmoja alikuwa tayari ameweka kando dawa ya kunyunyizia nyanya ili aitie kwenye mzoga. Unajua mzoga wenye sumu hauchagui. Anaweza kufa fisi, wakafa tumbusi hamsini, akafa na mbwa wa mtu. Isitoshe, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2013 inampa mfugaji nafasi ya kudai fidia kwa mifugo iliyouawa na baadhi ya wanyamapori, na fisi ni mmoja wao. Kwa hiyo kumjua mkosaji ni jambo lenye uzito. Shangazi akahamishia vitoto jikoni, akamwomba jirani asubiri siku tano, nasi tukavuka mto Athi na kamera yetu.

Swali letu daftarini lilikuwa: "Nani anapita katika pengo la ua wa miiba usiku?" Hapo mgeni hapiti polepole. Anaruka au ananyata, anaingia, anatoka. Kwa hiyo tulipanga picha tatu mfululizo kila kihisi kinapoamka, na muda wa kupumzika kati ya mfululizo na mwingine tukauweka sekunde 10. Video tuliikataa, kwa sababu usiku taa za kamera huwaka muda wote video inapoendelea na betri huisha mapema. Kamera ilikuwa mita nne kutoka pengo, kimo cha goti, ikitazama kusini.

Usiku wa kwanza tulipata kanu akitembea juu ya ua kama mwenye nyumba. Usiku wa pili hapakuwa na kitu. Usiku wa tatu kulikuwa na picha tatu. Ya kwanza ilionyesha mguu wa nyuma na ncha ya mkia. Ya pili ilikuwa ukungu tu. Ya tatu ilionyesha mbwa waziwazi, shingoni ana kipande cha kamba kilichokatika, na nyuma yake macho mawili yanayong'aa, ya mbwa mwingine. Kama tungepanga picha moja tu, tungebaki na ule mguu, na kijiji kizima kingesema ni mguu wa fisi.

Mwenye mbwa alikuja kuitazama picha. Ni mzee wa heshima, akavaa miwani, akasoma maandishi yaliyo chini: 04:52.

"Mtoto wangu," akaniambia, "hiyo picha yenu inasema saa nne. Saa nne usiku mbwa wangu alikuwa amefungwa. Hata shangazi yako alipita kwangu akamwona."

Na kweli, saa nne alikuwa amefungwa. Hapa ndipo nataka usimame kidogo, msomaji, kwa sababu hakuna kijitabu kitakachokueleza jambo hili. Saa ya kamera huanza kuhesabu usiku wa manane, na saa yetu ya Kiswahili huanza kuhesabu jua likichomoza. Ili kuigeuza, toa sita. Ikiwa huwezi kutoa sita, ongeza kumi na mbili kwanza. Jibu likizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili. 04:52 ukiongeza kumi na mbili ni 16:52, ukitoa sita ni saa kumi na dakika hamsini na mbili, yaani alfajiri, saa kumi na moja kasoro dakika nane. Saa nne na dakika hamsini na mbili za usiku kamera ingeziandika 22:52.

"Mzee," nikamwambia, "tuhesabu pamoja."

Tulipoifunga kamera, picha ya kwanza kabisa tuliyoipiga ilikuwa ya karatasi tuliyoishika mbele yake, imeandikwa tarehe na saa kwa Kiswahili: saa kumi na mbili na nusu jioni. Chini yake kamera ilikuwa imeandika 18:30. Mzee akaitazama ile karatasi, akahesabu kwa vidole, akavua miwani. Akakaa kimya, kisha akauliza, "Sasa huyo wa pili ni wa nani?"

Nisiseme zaidi ya kilichomo kwenye picha. Haikuonyesha mbwa akiua, ilionyesha mbwa akiingia. Lakini mbwa hao walipoanza kufungwa kwa mnyororo usiku kucha, shangazi hakupoteza kitoto kingine hadi tulipofungua shule, na ile dawa ikabaki ya nyanya. Hii si hesabu ya kisayansi. Hata hivyo, shangazi haulizi zaidi.

Kwa hiyo usiruke ukurasa wa saa na tarehe kwenye menyu eti kwa sababu unachosha. Ukitoa betri, kamera nyingi husahau tarehe na kurudi mwaka wa kiwandani. Tena angalia mpangilio wa tarehe: Wamarekani hutanguliza mwezi, kwa hiyo 03/07 kwao ni Machi 7, ilhali kwetu ni Julai 3. Chagua siku itangulie, kisha upige picha ya karatasi. Kazi hiyo huchukua dakika moja.

Mfano wa Kitui ulikuwa tofauti kabisa. Mto Tiva, kama ujuavyo, ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka, na watu huchimba visima mchangani ili wapate maji. Usiku wanyama huja kunywa katika visima hivyo hivyo. Swali letu lilikuwa: "Ni wanyama gani wanaokunywa hapa, na wanakuja saa ngapi?" Kabla ya wanyama kulikuwa na jambo la watu. Akina mama huteka maji pale tangu alfajiri hadi magharibi, wengine wakioga watoto. Si haki kumpiga mtu picha hajui. Tulimwendea mzee wa kijiji na akina mama wenyewe tukawaeleza, kisha tukatumia mpangilio wa saa za kazi: kamera iamke 20:00, yaani saa mbili usiku, ilale 05:00, yaani saa kumi na moja alfajiri. Tukawaonyesha akina mama ikiwa imezimika mchana. Mmoja wao alipunga mkono mbele yake mara tano ndipo akaridhika.

Pale majini mnyama hana haraka. Nungunungu mmoja alikaa karibu dakika ishirini akinywa na kuchezea mchanga. Kama tungeacha sekunde 10 za kule bomani, kadi ingejaa miiba yake. Tuliweka dakika moja ya kupumzika. Kwa nini si dakika tano? Kwa sababu digidigi hutembea wawili, dume na jike. Wa kwanza akishapigwa picha na kamera ikalala dakika tano, wa pili atakunywa na kwenda zake, nawe utaandika daftarini kwamba alikuja mmoja. Tulipata digidigi, nungunungu, fungo, na usiku mmoja fisi madoa, huyo mbiti aliyesingiziwa kule ng'ambo ya Athi.

Picha za usiku huwa nyeusi na nyeupe kwa sababu kamera hutumia mwanga wa infraredi ambao macho yetu hayauoni vizuri. Usijaribu kutambua mnyama kwa rangi yake usiku. Tazama masikio, mkia na urefu wa miguu. Lakini mwanga huo una siri yake. Huko Malaysia karibu chui wote wa rasi ni weusi, na watafiti walishindwa kumtofautisha huyu na yule kwa kuwa madoa hayaonekani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2015, waliziba kijicho cha kamera kinachopima mwanga ili ifikiri ni usiku hata mchana, itumie infraredi. Madoa yakatokea juu ya manyoya meusi. Hapa Kenya pia chui weusi wapo Laikipia, na kamera za mtego zilizofungwa huko mwaka wa 2018 ziliwanasa. Kiini cha habari ni kwamba wale watafiti walikuwa na swali, wakatafuta mpangilio wa kulijibu, hata kama kijitabu hakikuutaja.

Nimalizie yale madogo. Usihadaike na megapikseli. Kamera nyingi za bei nafuu hukuza picha tu ili tarakimu iwe kubwa, na faida yake ni kujaza kadi. Chagua ya wastani. Hesabu ya kadi ni rahisi: picha moja ikiwa megabaiti 4, picha tatu kila mara, mara 100 kwa usiku, ni megabaiti 1,200. Kadi ya gigabaiti 16 itadumu usiku 13 hivi. Betri za kuchaji zina volti 1.2 kila moja, za kawaida 1.5, na upungufu huo ukijumlishwa taa za usiku hufifia. Kama menyu inauliza aina ya betri, ijibu. Usichanganye kuukuu na mpya. Weka nambari ya siri, kisha funga kamera kwa mnyororo, maana tumbili na binadamu wote wana mikono.

Kamera huwekwa kabatini kwa mlezi pamoja na daftari. Anayeihitaji huandika jina, mahali, na swali lake. Mahali pa swali pakiwa patupu, mlezi hatoi ufunguo. Hivi sasa zamu ni ya mwanafunzi wa kidato cha pili, na swali lake ni hili: "Nani anakula ndengu za mama, sungura au digidigi?" Tumempangia kimo cha sentimita 30, picha tatu, sekunde 30 za kupumzika, na wepesi wa wastani. Panga la kufyekea ameambiwa alete kutoka nyumbani.